Kiraka cha Katiba

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, tena katibu wa kikundi cha kina mama kumi na wawili. Hakuna nguo iliyochanika ikamshinda.

Siku moja walipata barua. Hospitali ilitaka mapazia ya wodi zote. Lakini katiba ya kikundi ilisema, "Tutashona sare za shule tu." Basi, barua iliagiza, walete amendment ifikapo Ijumaa, la sivyo kazi wapewe wengine.

"Amendment ndiyo mdudu gani?" aliuliza wifi yake, mwenyekiti wa kikundi.

"Binti yangu kasema ni marekebisho. Kurekebisha si ndiyo kazi yetu, wifi?"

Mama Pindo akachukua mkasi, akakata maneno yale. Akashonea kiraka cha karatasi: "sare na mapazia." Mshono ulinyooka kama rula.

Wakaipeleka ofisi ya vikundi. Karani akageuza ukurasa.

"Mama, huku nyuma paliandikwa nini?"

Loo! Kiraka kilikuwa kimemeza maneno. Yalibaki haya tu: "Mwenyekiti ataongoza kwa miaka..."

"Haisemi mingapi," wifi alidakia, uso ukimng'aa. "Basi ni mimi mpaka kufa!"

"Koma, wifi! Ni miwili, na inaisha mwezi huu!"

Karani alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Bahati yenu nakala nyingine iko kabatini," alisema. "Katiba haikatwi, mama. Amendment ni badiliko rasmi, lililokubaliwa na wanachama. Iteni mkutano. Someni kifungu cha zamani, kisha kipya. Pigeni kura. Mkikubali, andikeni kwenye karatasi ya peke yake: kifungu kipi, kilisemaje, sasa kinasemaje. Wekeni tarehe na sahihi, muiambatanishe na katiba. Ya zamani inabaki, watu wajue mlikotoka."

"Kumbe fundi hapimi kwa macho," alisema Mama Pindo kwa haya.

"Na mkasi uache nyumbani."

Alhamisi walikutana. Kwa mapazia, mikono yote kumi na miwili ilipanda.

"Na mimi nina amendment," wifi alisema. "Mwenyekiti aongoze mpaka kufa. Nani ananiunga mkono?"

Ulipanda mkono mmoja. Wake.

"Imekataliwa," Mama Pindo alisema, akiandika.

Ijumaa asubuhi karatasi ilifika hospitalini, na kazi wakapewa. Mwezi uliofuata mapazia ya kijani yalining'inia wodini. Mama Pindo, mwenyekiti mpya, alipita akikagua mishono.

"Miaka miwili tu," wifi alimnong'oneza, sindano mdomoni. "Nahesabu."