Waya Usio na Fyuzi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Fundi alikuwa amesinzia katikati, baina ya dereva na muuguzi, na pua yake ikaamka kabla ya macho. Miaka kumi na saba ya kutengeneza umeme wa magari ilikuwa imemfundisha harufu za kila namna: mafuta yanayodondokea injini ya moto, breki zilizogandamana, betri inayochemka. Hii aliijua papo hapo. Ilikuwa plastiki ya waya inayoyeyuka.

"Kaka, simama!"

"Kuna nini?"

"Simama! Zima gari!"

Dereva, kaka yake wa tumbo moja, akakanyaga breki. Lori kuukuu likaserereka juu ya changarawe, likatulia limekaa upande. Moshi ulichungulia nyuma ya kiti, mwembamba kama uzi, kisha ukafura. Kaka akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza. Moshi haukunyamaza. Fundi alijua kwa nini. Waya ule haukupitia kwenye ufunguo. Ulitoka kwenye betri moja kwa moja.

Ulikuwa waya wake mwenyewe. Lori lile lilikuwa na tundu moja tu la umeme, lile la zamani la kuwashia sigara, na lenyewe limelegea. Safari hii yalihitajika matatu zaidi: moja la jokofu dogo la chanjo ambazo muuguzi alikuwa akizipeleka kwenye zahanati za ng'ambo ya jangwa, moja la redio ya mawasiliano, moja la simu. Asubuhi ya kuondoka fundi alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akatoboa bati la nyuma ya kabini, akaupitisha hapo, akafunga matundu yake kwenye ubao. Yalibaki mambo mawili. Fyuzi karibu na betri, ya kukata umeme endapo waya utagusa chuma. Na pete ya mpira pale kwenye bati, ili ukingo usiukwangue waya. Kishikio cha fyuzi kilikuwa kimepasuka, mpira hakuwa nao, na duka la vipuri lilikuwa halijafunguliwa.

"Saa moja tu, kaka. Wakifungua, nanunua, namaliza."

"Saa moja hiyo jua litatukaanga huko mbele. Utaweka tukirudi, dada. Si umeuzungushia tepu?"

"Nimeuzungushia."

"Basi tena! Unataka tuuvalishe na koti?"

Wote watatu walicheka. Naye akafunga sanduku la vifaa, akapanda, maana lori lile halikuwahi kwenda safari ndefu bila fundi ndani yake.

Siku mbili za njia ya makorongo zilitosha. Bati lilikula tepu, likala plastiki, likafika kwenye shaba.

Muuguzi aliruka chini akikohoa. Fundi alizunguka mbio hadi kwenye sanduku la betri, akaikuta nati imekaza na spana ziko ndani ya kabini inayowaka. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na koleo. Akaushika waya kwa mkono mtupu, plastiki ya moto ikamganda vidoleni, akabana, akakata. Umeme ulikatika. Lakini sponji za viti zilikuwa zimeshashika.

Na maji yalikuwa nyuma ya viti. Madumu matatu.

"Kaka, acha!"

Hakuacha. Aliingia mara ya kwanza, akatoka na dumu, akalitupa mchangani. Akaingia mara ya pili. Wakasikia kitu kikipasuka ndani, ndimi za moto zikalamba dirisha, kisha akatoka amelikumbatia dumu lililoyeyuka ubavu mmoja, maji yakimwagika miguuni, shati likiwaka mgongoni. Walimwangusha, wakamfukia kwa mchanga kwa mikono yao. Alipoacha kuwaka, dumu la pili lilikuwa tupu.

Kabini iliteketea mbele ya macho yao: redio, simu, chakula, jokofu. Siku hiyo upepo ulikuwa umeinua vumbi hadi mbinguni, na moshi wa lori ukamezwa humo kama haukuwahi kuwako.

"Chanjo za watoto mia nne," alisema muuguzi, kisha hakulitaja tena jambo hilo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, wa maneno machache. Alichana kanga yake vipande, akapiga magoti kando ya kaka.

"Maji yamebaki kiasi gani?"

"Lita kumi."

"Yeye atahitaji mengi kuliko sisi. Mtu aliyeungua hukauka. Kuna anayejua tumepita huku?"

Fundi alimtazama kaka yake. Kaka alitikisa kichwa. Barabara kuu ilikuwa imefunikwa na mchanga, naye akachukua njia ya mkato bila kumwambia mtu.

Walimlaza uvunguni mwa tela la nyuma, ambalo moto haukulifikia, penye kivuli. Siku ya pili tangu moto, jua lilipochomoza, fundi alichomoa kioo cha pembeni kilichonusurika, akatembea hadi kwenye kilima cha mawe, mwendo wa saa nzima. Kutoka juu aliona uwanda mweupe usio na mti, joto likicheza juu yake kama maji. Na mbali, mbali sana, kitu chembamba kilichosimama wima. Mlingoti. Mtambo wa kuchimba kisima, pengine, na penye mtambo pana watu. Alimulika kwa kioo mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyejibu. Aliporudi, ulimi wake ulikuwa mzito kama kipande cha gogo.

"Nitakwenda kwa miguu," alisema.

"Utaanguka kabla ya kufika nusu," muuguzi alimjibu. "Kunywa vifuniko viwili vya dumu. Visivyozidi viwili."

Kaka alikuwa akitetemeka kwenye joto lile. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, lakini akili ilikuwa timamu.

"Dada."

"Naam, kaka."

"Usijilaumu. Mimi ndiye niliyekuharakisha."

"Fundi nani? Ni wewe au mimi?"

Alijaribu kucheka, midomo ikapasuka. "Ukifika nyumbani, mwambie wifi yako lori lilikuwa kuukuu. Lori tu. Hilo litatosha. Asije akakuchukia bure, na nyote wawili hamna mwingine."

"Utamwambia mwenyewe."

"Dada. Niahidi."

Hakuahidi. Alimwekea kifuniko cha maji mdomoni, na yeye akayaacha yamtiririke taratibu, kama anayeyahesabu.

Siku ya tatu asubuhi yalibaki maji ya kufunika kitako cha dumu. Upepo ulikuwa umekufa, na anga lilikuwa safi, buluu tupu. Fundi alilitazama anga hilo kwa muda mrefu.

"Moshi," alisema. "Leo moshi utaonekana."

"Tuwashe kwa nini? Hatuna hata kijiti cha kiberiti."

Tairi la akiba lilikuwa limefungwa chini ya tela. Walilifungua, wakaliviringisha hatua mia moja kutoka alipolala mgonjwa, wakapumzika mara nne njiani. Fundi alichota dizeli kwenye tangi kwa kitambaa. Kisha alifungua sanduku la betri, akainyanyua betri moja, akaibeba kifuani kama mtoto. Ule waya wake aliuchomoa kwenye majivu ya kabini. Kipande kilichobaki kilikuwa shaba tupu, nyeusi. Alichambua nyuzi chache nyembamba, akazisokota pamoja, akazizungushia kitambaa chenye dizeli.

Alijua hasa kitakachotokea, kwa sababu kilishatokea. Umeme wote wa betri, waya, na hakuna cha kuuzuia.

Akagusisha. Shaba ikawa nyekundu, ikawa nyeupe. Kitambaa kikafuka, kikashika, akakitumbukiza ndani ya tairi.

Moshi wa tairi ulipanda mweusi, umenyooka, mnene kama shina la mti. Fundi alikaa chini akalia bila machozi, kwa kuwa mwili haukuwa na maji ya kutoa.

Aliporudi uvunguni mwa tela, muuguzi alikuwa amemshika kaka kifundo cha mkono.

"Kaka, wataona. Moshi umepanda vizuri."

"Naunusa," alisema. "Tairi jipya hilo. Umenitia hasara."

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Vumbi la gari lilipoonekana upande wa mlingoti, kwanza kama ukungu, kisha kama mkia mrefu, fundi alimwinua kichwa ili aone. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuona. Wachimba visima walishuka wakikimbia na vyombo vya maji. Muuguzi akanywa, akatapika, akanywa tena. Fundi alichukua chupa, akaimimina yote polepole usoni mwa kaka yake, akamsafisha masizi, na hakuna aliyemkataza.

Wiki moja baada ya mazishi, fundi alikwenda kwa wifi yake. Walikaa sebuleni. Waliokuja kuwafariji walikuwa wameondoka, na viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa ukutani vikisubiri kurudishwa.

"Watu wananiambia lori lilikuwa kuukuu," wifi alisema.

Fundi angeweza kuitikia tu. Neno lilikuwa tayari mdomoni, kaka yake amelitengeneza, amempa.

"Si lori, wifi. Ni waya wangu. Niliufunga bila fyuzi. Kaka alikuwa na haraka, nami nilijua ni hatari, nikakubali."

Wifi hakupiga kelele. Kengele ya baiskeli ya muuza maziwa ikapita nje, ikapotelea.

"Angekuambia muondoke bila gurudumu moja, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

Akainuka, akatoka uani. Fundi alishika mkoba wake, akasimama katikati ya chumba asijue aende au abaki. Mlango wa nyuma ukafunguka. Wifi alirudi amekumbatia lundo la nguo kutoka kwenye kamba, mashati ya mumewe, aliyoyafua siku aliyotarajiwa kurudi na ambayo tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyaanua. Jua lilikuwa limeyakausha mpaka yamekakamaa. Akayamwaga mkekani, akaketi, akaligawa lundo kwa mkono, nusu huku, nusu kule.

"Weka huo mkoba," alisema. "Nisaidie kukunja."

Fundi akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akavuta shati la kwanza.