Taa Ilipoacha Kupepesa

Kwa mji ambao haujawahi kusikia honi ya treni, kuwa na kichwa cha treni sebuleni ni jambo la kujivunia au la kutibiwa. Inategemea unamuuliza nani. Evance, fundi redio wa Bweri, alikuwa anajivunia. Mke wake Hilda, mwalimu wa jiografia mwenye digrii na mimba ya miezi saba, angekuambia mume wake ana mchezo wa kitoto, kisha angebadilisha mazungumzo haraka kuliko ilivyohitajika.

Kilikuwa kichwa cha treni cha kuchezea, urefu wa sato mkubwa, cheusi, chenye magurudumu mekundu. Kilikimbia juu ya reli nyembamba zilizozunguka sebule, zikapita nyuma ya makochi, chini ya televisheni, halafu mbele ya mlango wa jikoni. Na kila kilipofika mbele ya mlango wa jikoni, kilisimama. Evance hakuwa amebonyeza kitu. Kinasimama kidogo tu, kama mtu aliyepita mbele ya mkubwa akakumbuka kusalimia, kisha kinaendelea.

Evance alisema ni mawimbi. Mwili wa chuma unaziba antena. Akakifungua, akaihamisha antena juu, kwenye paa la plastiki, akakifunga. Kikaenda vizuri nyuma ya makochi, vizuri chini ya televisheni, na mbele ya mlango wa jikoni kikasimama.

Hilda hakusema alichokuwa anakiona. Pale ndipo kilipokuwaga kiti cha Adventina.

Adventina alikuwa mke wa kwanza wa Evance, akafa bila kuacha mtoto. Kiti chake cha kamba Hilda alikipeleka stoo wiki ile ile aliyoolewa, kwa maelezo kwamba kinajaza nyumba, ingawa nyumba ilikuwa na makochi mawili yasiyokaliwa na mtu. Picha yake ya ukutani haikuhamishika, kwa sababu Evance alikuwa anaitazama kila asubuhi akivaa viatu. Na kichwa cha treni chenyewe kilikuwa zawadi ya Adventina. Alikinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ili kumfariji mume wake aliyepunguzwa kazi reli ya Mwanza. Kilikaa kabatini miaka na miaka, reli zake zimeota kutu, hazipitishi umeme. Mwaka huu Evance akaamua kukiwekea rimoti.

Hilda aliitazama kazi yote akiwa anajifanya anasahihisha mitihani. Mume wake alikata nyaya zilizokuwa zinaleta umeme kutoka kwenye magurudumu. Akaweka betri ndogo tumboni, akaunganisha mota na kipokezi kisichozidi ukubwa wa stempu, ili kichwa kibebe umeme wake chenyewe na kipokee amri hewani. Kila alipolehemu waya aliinama akaipulizia risasi iliyoyeyuka ipoe, taratibu, kama anampulizia mgonjwa uji. Hilda hakukumbuka siku ambayo yeye alipuliziwa kitu chochote.

Ikabaki kazi ya kutambulisha rimoti na kipokezi. Unaandika jina la kichwa kwenye kioo cha rimoti, unalituma, na taa ndogo tumboni inapepesa mpaka kipokezi kikubali. Kipokezi hakikukubali. Evance aliandika namba, taa ikapepesa. Akaandika namba nyingine, ikapepesa jioni nzima. Mwisho akacheka peke yake, akasema hii inalia, acha aitajie majina.

Hapa lazima ieleweke jambo moja. Upande wa kina Evance, kule Butiama, mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Anapakatwa akiwa analia, shangazi anamtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile analonyamazia ndilo lake. Mwenye jina amepata pa kukaa. Jina la aliye hai halitajwi, kwa sababu kumtajia mtoto jina la aliye hai ni kumchimbia mtu kaburi naye yuko mezani anakula.

Basi Evance, kwa utani, akaandika jina la baba yake, Eliasi. Taa ikapepesa. Akaandika la bibi yake, Pelagia. Ikapepesa. Jina la tatu hakulitamka. Aliliandika tu, akalituma, na taa ikatulia. Kijani, imetulia tuli, kama jicho la mtoto aliyeshiba.

Hilda aliliona kesho yake akipangusa vumbi. ADVENTINA, kwa herufi kubwa, juu ya kioo cha rimoti.

Wivu ulifika kwanza, kwa sababu ulikuwa unaijua njia. Hofu ilikuja baadaye, ikiuliza uliza.

"Kifaa kinataka jina, Mwalimu," Evance alimwambia. "Ni jina tu."

"Langu kilikataa?"

"Sikulijaribu. Wewe uko hai."

Lilikuwa jibu sahihi kuliko yote aliyowahi kumpa. Hilda alilisikia kama tusi.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kunuka ningu. Si samaki wa jana aliyesahaulika jikoni. Ningu wa kubanikwa, moshi wake mtamu wa kuni mbichi, na ningu siku hizi hata Mwigobero unaweza kumtafuta sokoni kutwa nzima usimpate. Wifi yake Hilda, Gaudensia, dada wa Evance, alipokuja kuwasalimu alisimama mlangoni akavuta pua, akasema kwa furaha kwamba marehemu alikuwaga anawabanika hivyo hivyo, kisha akaona uso wa Hilda akaomba maji ya kunywa. Ikafuata sauti ya kukohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayebisha hodi kwa adabu, kila kichwa cha treni kilipofika mlango wa jikoni. Ikafuata kiti. Hilda alirudi shuleni siku moja akakikuta kiti cha kamba mahali pake pa zamani, kimepanguswa. Evance aliapa hakukitoa yeye. Alifikiri amekitoa Hilda, na kilichomchoma Hilda ni kwamba mume wake alikuwa amejiandaa kumshukuru.

Mwanamke mwingine angeogopa. Hilda alihesabu mambo mengine. Evance alikuwa anaimba bafuni, anaomba nyongeza ya ugali, na akipita karibu na kile kiti anakikwepa kwa heshima, kama kimekaliwa. Mtoto alikuwa anacheza tumboni mwa Hilda, lakini macho ya baba yake yalikuwa sakafuni, yakizunguka na reli. Hilda alitaka kitu kimoja: mtoto huyu azaliwe kwenye nyumba yenye mama mmoja.

Jumamosi Evance alikwenda msibani Kisorya. Mchana ulikuwa mweupe, na mabati yalikuwa yanalialia kwa joto. Hilda alichukua rimoti, akalifuta jina la Adventina herufi moja moja, akianza na ya mwisho, na mahali pake akaandika HILDA. Alitaka siku Evance akiwasha mchezo wake akutane na jina la mke wake. Basi. Akatuma.

Taa haikupepesa hata mara moja. Ilitulia kijani palepale, na Hilda, mwalimu mzima, akajisikia kama msichana aliyechaguliwa mbele ya darasa.

Kisha kichwa kikaanza kutembea. Rimoti ilikuwa mkononi mwake na kidole chake kilikuwa mbali na kitufe. Kikapita nyuma ya makochi, kikapita chini ya televisheni, kikapita mlango wa jikoni bila kusimama, kikaja kikasimama miguuni pake. Akahamia kochi la pili. Kikarudi nyuma, kikamfuata, kikasimama miguuni pake. Akaingia chumbani akafunga mlango, akakaa kitandani akijiambia maneno ya kisomi kuhusu mawimbi na joto na shinikizo la damu la wajawazito, na alipokuwa bado anajiambia akasikia magurudumu yakigusa saruji ya korido, korido isiyo na reli, yakija polepole bila papara kama mtu anayejua chumba ni cha nani, mpaka yakafika mlangoni, na upande wa pili wa mlango, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, mtu akakohoa kidogo, na harufu ya ningu ikapita chini ya mlango na kumpanda miguuni, magotini, tumboni, ambako mtoto aliyekuwa anacheza tangu asubuhi akaacha kucheza. Hilda alifungua mlango kwa nguvu asizojua zimetoka wapi, akakishika kichwa, kizito na cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni, akakifungua tumbo, akachomoa betri, akaona taa bado ni kijani, akatoka mbio uani na kuitupa rimoti kwenye shimo la choo, na aliposikia imezama ndipo alipokumbuka kwamba jina lake limezama nayo, na hakuna mkono utakaolifuta.

Evance aliporudi aliuliza rimoti iko wapi. Hilda akasema hajui, kwa sauti ile ile ya uongo anayowakatazaga wanafunzi wake. Walikuwa hawajamaliza kula magurudumu yalipoanza kuzunguka.

"Betri umeiweka wewe?" Evance alinong'ona.

Hilda alifungua kiganja. Betri ilikuwemo, imelowa jasho.

Majirani, ambao kwao kila kisichoeleweka ni jini, walisema jini la ziwani. Gaudensia hakubishana nao. Aliwaambia kaka yake na wifi yake waende Bunda, Manyamanyama, wamwone mganga aitwaye Skolastika.

Hilda alikuwa amejiandaa kumdharau mtu mwenye ngozi ya chui na kibao cha uprofesa barabarani. Akamkuta mama wa makamo, msusi, vibanio mdomoni, anasuka mteja, rozari imening'inia kwenye kioo. Aliwaambia wangoje amalize kichwa cha watu kwanza. Alipokuwa huru akakitazama kile cha treni ndani ya kitenge walichokifungia bila kukigusa, akamsikiliza Evance mpaka mwisho, na hakucheka.

"Aliyeitwa kwa jina anaondoka kwa jina," Skolastika alisema. "Hapa limetajwa jina moja?"

"Moja," Evance alijibu. "Adventina."

Skolastika akamgeukia Hilda. "Wewe, mama?"

Hilda alielewa vizuri alichokuwa anaulizwa. Akiri nini sasa? Kwamba mhitimu wa chuo kikuu alimwonea wivu marehemu, akashindana naye kugombea mchezo wa mtoto, akashinda? Mbele ya mume, na mbele ya mteja aliyekuwa anajifanya anatazama nywele zake kwenye kioo?

"Hilo moja," alisema.

Waliondoka pamoja hadi Butiama, nyumbani kwa kina Evance, ambako Adventina amezikwa nyuma ya migomba. Skolastika alikiosha kichwa cha treni kwa maji na majivu. Evance akapiga magoti kando ya kaburi akasema alichoelekezwa: Adventina, nilikuita bila kuwa na mtoto wa kukupa, nisamehe, kalale. Akakifukia palepale, tumbo wazi, nyaya nje. Migomba ikatikisika ingawa upepo haukuwepo, kikohozi kidogo kikasikika kutoka ardhini, kimoja, cha mtu aliyeaga, na moshi wa ningu ukakatika kana kwamba umefunikwa na chungu.

Evance alilia. Hilda aliyatazama machozi hayo akaona ni ya mwisho, akayasamehe.

Skolastika peke yake hakuondoka. Alibaki ameinamisha kichwa, anasikiliza udongo. Chini kule magurudumu yalikuwa yanazunguka, kwa mbali, laini.

"Ameondoka mmoja," alisema. "Mbona naona kama kuna mwingine anangoja kuitwa? Mama, una neno?"

"Nimechoka," Hilda alijibu. "Twendeni."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye paji la uso la baba yake. Nyumba ya Bweri haikunuka kitu zaidi ya maziwa na sabuni. Kiti cha kamba Hilda alikigawa. Reli bado zilikuwa sakafuni, Evance hakuwa na moyo wa kuzing'oa, na Hilda, kwa ukarimu wa mshindi, alimwachia.

Siku ya jina Gaudensia alikuja amevaa vitenge vipya. Hilda alikuwa kitandani, amejilaza kwenye mito, Evance amekaa miguuni pake. Mtoto alikuwa analia tangu alfajiri, kilio cha vipande vipande, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Gaudensia akampakata, akaanza. Pelagia. Mtoto akalia. Akataja la mama yake mkubwa, akataja la bibi wa bibi. Mtoto akalia. Mwisho alimtazama wifi yake kwa kuomba radhi, akateremsha sauti akasema: Adventina.

Mtoto akalia zaidi.

Furaha iliyompanda Hilda ilikuwa kubwa hata akaona haya, akageuza uso ukutani asionekane. Hata mtoto amemkataa.

Gaudensia alikuwa ameishiwa majina na pumzi. Akainuka ampeleke mtoto kwa mama yake.

"Hilda, hebu mchukue umnyonyeshe kwanza," alisema.

Kilio kikakatika.

Hakikupungua. Kilikatika. Mtoto alitulia mikononi mwa shangazi yake, macho wazi, hayapepesi.

Gaudensia alisimama katikati ya chumba. Alimtikisa mtoto kidogo, kama anamwomba alie tena. Kisha akajaribu kucheka. "Amesikia habari ya kunyonya tu huyu," alisema. Akamgeukia kaka yake. "La aliye hai halikubaligi, Evance. Halijawahi."

Evance alikuwa anamtazama Hilda, kwa upole, kwa kitambo kirefu, na Hilda aliyeutamani mtazamo huo tangu siku ya ndoa aliutambua mara moja. Ndivyo alivyokuwaga anaitazama picha ya ukutani, asubuhi, akivaa viatu.

Alitaka kuukiri ule uongo wake wa Manyamanyama, wote, hata mbele ya wateja mia. Kilichotoka kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu.

Sebuleni, juu ya reli zisizo na kitu, magurudumu yakaanza. Yakapita nyuma ya makochi, yakapita chini ya televisheni, yakapita mlango wa jikoni bila kusimama. Yakagusa saruji ya korido. Yakaja hadi kitandani, upande aliolala Hilda, yakasimama.