Gari la Mpima Ardhi

Uani palibaki turubai tu. Gari lenyewe halikuwepo.

"Lilikuwa hapa," mzee alisema kwa mara ya nne. "Hapa hapa, Afande. Siku tisa tu tangu nilitoe dukani!"

Inspekta alichuchumaa kukagua alama za matairi, goti likamuuma. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kazi ya kuchuchumaa ilikuwa imeanza kumchosha. Nyuma yake Koplo alikuwa akipiga picha geti, kila bawaba mara mbili.

Mlalamikaji alikuwa mpima ardhi mstaafu, umri miaka sitini na saba. Maisha yake yote aliendesha magari ya serikali, mabovu, ya kusukumwa. Alipopata kiinua mgongo akajinunulia gari la porini, jipya kabisa, linalovuta kwa magurudumu yote manne, ili azunguke nchi aliyoipima. Jumatano asubuhi alikwenda kliniki ya macho. Aliporudi saa saba mchana, geti lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha, na gari halipo.

"Funguo zako ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja huu, nilikuwa nao mfukoni. Mwingine uko kwenye droo ya kabati chumbani."

Mkewe akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa pili, Koplo akautia kwenye bahasha ya ushahidi. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na tatu, karani wa shule aliyestaafu, mtulivu kama maji ya mtungini.

"Na wewe mama, Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kwa dada yangu, mtaa wa pili. Nilitoka baada ya mzee kuondoka."

Inspekta akaandika. Hakuna kufuli lililovunjwa. Hakuna kioo kilichopasuka. Alama za vidole kwenye komeo la geti zilikuwa za watu wa nyumbani tu. Na turubai lilikuwa limekunjwa, ncha kwa ncha, likawekwa pembeni ya ukuta.

Mwizi gani huyu?

Jirani, fundi cherehani, alikuwa amesikia kitu.

"Liliunguruma, likazima. Likaunguruma tena, likazima. Karibu nusu saa nzima. Nikajisemea, mzee leo anachezea mwanasesere wake."

"Hukuchungulia?"

"Afande, nilikuwa na suti ya bwana harusi mezani. Ningechungulia saa ngapi?"

Inspekta alishusha pumzi. Mtaa mzima, macho yote yale, na hakuna hata jicho moja lililotazama nje.

Kesho yake alimfuata mtoto wa kiume wa mzee, mwenye duka la dawa. Kila mtu alijua kwamba alikuwa amegombana na baba yake kuhusu gari lile.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kwa umri wake anunue kiti kizuri cha kupumzikia. Siyo gari la kupandia milima. Kusema ni kosa?"

"Jumatano asubuhi?"

"Nilikuwa hapa hapa. Waulize wateja."

Waliulizwa. Watatu waliapa kwamba hakutoka hata kwenda msalani.

Siku ya tatu Mkuu wa Kituo alimwita Inspekta ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Gari kubwa kama nyumba linapotea kama sindano? Mzee kanipigia simu mara sita leo. Sita!"

"Nalifuatilia, Mkuu."

"Unalifuatilia au linakukimbia?"

Inspekta alitoka amekunja uso. Koplo akafungua mdomo kutania, akaona sura ile, akaufunga.

Alibaki mtu mmoja. Fundi seremala aliyetengeneza sehemu ya nyuma ya gari alikuwa amekaa na ufunguo siku mbili. Walimkuta karakanani, kajaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Siku mbili zinatosha kuchonga ufunguo mwingine," Inspekta alisema.

"Ufunguo ule una kompyuta ndani, Afande. Mimi nachonga mbao."

"Usinichekeshe. Ulitengeneza nini humo?"

"Kabati, meza ya kukunja, kitanda. Kitanda cha mtu mmoja."

"Mmoja? Ana mke."

Fundi aliweka randa chini. "Hata mimi nilimuuliza. Tulikuwa uani kwake, mama katuletea chai. Nikamwambia, mzee, nikiongeza sentimita arobaini mnaenea wawili. Akacheka. Akasema, mama huko porini atafuata nini?"

"Mama akasema nini?"

"Hakusema. Alikusanya vikombe. Changu hata sikuwa nimekifikisha nusu."

Inspekta alisimama katikati ya karakana. Nusu saa ya kuwasha na kuzima. Kisha alijiuma midomo kwa hasira, hasira ya kujichukia mwenyewe. Siku tatu! Akapiga simu ofisi ya leseni, akataja jina, akasubiri. Jibu lilikuja baada ya dakika nne.

Siku ya nne, saa kumi jioni, aliketi sebuleni kwa mzee. Mzee alikuwa bado analalamika, polisi wa siku hizi hivi, polisi wa siku hizi vile. Inspekta alimwacha amalize, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, turubai lilikunjwa na nani?"

Mama alimtazama kitambo. Mdomo wake ulicheza kidogo.

"Ningeliacha limetupwa hovyo, ningelala usingizi?"

"Nakuonya kwamba lolote utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi."

"Litumike."

"Mwezi uliopita ulipata leseni ya udereva."

"Baada ya kufeli mara mbili."

"Leseni ya nani?" mzee alidakia. "Nani ana leseni?"

"Gari liko kwa dada yangu," mama alisema, bila kumwangalia mumewe. "Kwenye banda la kuku. Nilichukua ufunguo kwenye droo nikaurudisha jioni. Kulitoa getini kulinitoa jasho. Kubwa lile, na mimi nimejifunzia kigari kidogo."

"Kwa nini?"

Alinyoosha kitambaa cha meza, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Miaka ishirini na tisa nilimfungia mizigo. Anakwenda wiki sita kupima barabara, mimi nabaki na watoto, na surua, na paa linalovuja. Akirudi ananisimulia milima na maziwa. Kila mara ananiambia, nikistaafu tutakwenda, ukaone kwa macho yako. Tutakwenda. Sikuota neno hilo. Aliposema ananunua gari, nikaenda kujifunza kwa siri. Macho yake jioni hayaoni vizuri. Nikasema akichoka, nitampokea usukani. Mwalimu ana umri wa kitinda mimba wangu, na alinifokea kila siku. Nikavumilia. Halafu gari likaja, na kitanda cha mtu mmoja."

"Nilidhani hupendi vumbi," mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Ulinisikia lini nikisema hivyo?"



"Ulikusudia kuliuza?" Inspekta aliuliza.

"Nimuuzie nani? Nilitaka alitafute. Ajue mtu anavyojisikia akiachwa uani."

Koplo aliacha kuandika.

Inspekta alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Mama, umenidanganya katika maelezo uliyotia saini. Siku nne! Nimewahoji watu wasio na hatia, nimesimangwa na Mkuu wangu. Naweza kukufikisha mahakamani."

"Najua, mwanangu. Kwako nimekosa. Kwake bado sijaona kosa."

"Nafuta malalamiko," mzee akasema haraka. Alikuwa amesimama, mikono haijui pa kukaa. "Afande, nafuta. Na kitanda nitampa fundi akipanue kesho asubuhi. Tutakwenda wote."

"Hilo la tutakwenda nimeshalisikia," mama alisema.

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Niulize."

Mzee aliyeongea siku nne mfululizo alikohoa, akatazama sakafu, akainua uso.

"Unataka kwenda?"

Mama aliupokea ufunguo wa pili kutoka kwa Koplo, akautia kwenye mfuko wa gauni.

"Nitafikiria," akasema.