Kipa wa Kidogo

Kila jioni baada ya masomo, watoto wa Mtaa wa Ziwani, mjini Duluth, Minnesota, walikimbilia uwanja wa barafu wakiwa na magongo ya hoki mabegani. Walicheza mpaka vidole vikafa ganzi, kisha wakajazana katika kibanda cha kuota moto. Humo Bibi Rhoda, nyanya yake Anders Halvorsen, aliwakorogea chokoleti ya moto na kuwatania mmoja mmoja.

Msimu huo utani ulikuwa haba. Jumamosi wangepambana na watoto wa Mlimani, na kwa desturi yao, walioshindwa ndio waliofagia theluji uwanjani majira yote ya baridi. Ziwani walikuwa wamefagia miaka mitatu mfululizo. Na sasa kipa wao alikuwa ameteguka mkono.

"Nani anaweza kudaka?" Anders, aliyekuwa nahodha, aliuliza siku ya Ijumaa.

Wote wakainamia kufunga kamba za viatu. Kisha Paige Kowalchuk, msichana aliyehamia hivi karibuni kutoka Thunder Bay, Kanada, ng'ambo ya mpaka, akainua mkono nusu.

"Samahani. Mimi nishawahi kudaka, kidogo tu. Kama hakuna mwingine."

"Unaomba samahani ya nini? Umemkanyaga nani?" mmoja akamtania.

"Kidogo haitufai, dada!" Anders akasema, akijipiga kifua. "Nitadaka mwenyewe. Mimi kipa hatari! Minnesota nzima hamna kama mimi."

Wenzake wakamshangilia. Huko kwao, mtoto hufundishwa tangu chekechea kujiamini na kujisemea, na Anders somo hilo alikuwa amelifaulu kupita kiasi. Ukweli ni kwamba alikuwa mfungaji hodari sana, lakini golini hakuwahi kusimama hata siku moja.

Jumamosi ilipofika, Mlimani hawakumchelewesha. Goli la kwanza lilipita katikati ya miguu yake. La pili alilikwepa, badala ya kulizuia. La tatu aliliingiza mwenyewe kwa makalio, alipoanguka akirudi nyuma.

"Mafagio yenu tumeshawawekea tayari!" watoto wa Mlimani walipiga kelele.

Wakati wa mapumziko, kibandani palikuwa kama msibani.

"Haya, mume wangu," Bibi Rhoda alimwambia mjukuu wake, "hiyo hatari yako mbona imetuangukia sisi? Yule Paige hukumuuliza?"

"Amesema anadaka kidogo, Bibi."

Bibi Rhoda akacheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. Yeye mwenyewe alizaliwa Thunder Bay, akaolewa huku akiwa kijana.

"Masikini! Mkanada akikwambia leo kuna kibaridi kidogo, wewe funga madirisha na uite wazima moto wakuyeyushe! Mimi nilipofika hapa niliulizwa kama najua kupika, nikajibu 'najaribujaribu.' Mama mkwe akanifungia jiko mwaka mzima. Paige, njoo hapa. Usinijibu kwa adabu, nijibu kwa ukweli. Umedaka tangu lini?"

Paige akatazama viatu vyake. "Tangu nina miaka sita. Mwaka jana tulichukua kikombe cha jimbo. Ila wenzangu ndio walikuwa wazuri."

Kibanda kizima kikageuka kumtazama Anders. Angeweza kusingizia barafu, au gongo. Alivua kofia ya kipa.

"Nimewadanganya," alisema. "Sijawahi kudaka. Niliona aibu kusema sijui." Akapiga magoti, akamfunga Paige pedi za miguuni kwa mikono yake mwenyewe.

Kipindi cha pili, golini palikuwa na ukuta. Kila Paige alipozuia shuti, alimwambia aliyepiga, "Oh, samahani!" na jambo hilo liliwaudhi Mlimani kuliko matusi. Anders naye, aliyerudi mahali pake mbele, alifunga mara tatu. Sekunde za mwisho Paige alidaka, akampasia, naye akafunga la nne.

Mlimani wakapokea mafagio.

Wakiwa wanaota moto, Bibi Rhoda aliwaketisha wawili hao pamoja.

"Watu husema kizuri chajiuza," alianza. "Sawa, lakini kikifungiwa ghalani nani atakiona? Anders, kujisifu kwa usichokijua ni uongo. Na wewe Paige, kukificha unachokijua ni uongo pia, ila umevaa nguo za adabu. Wote wawili mlikaribia kutufagisha theluji. Kuanzia leo mtu ajipime kwa kipimo chake, asizidishe wala asipunje. Haya, semeni."

"Mimi mfungaji mzuri," Anders alisema, "lakini kudaka sijui."

Paige alivuta pumzi. Masikio yalimwiva.

"Mimi," alisema, "ni kipa mzuri sana."

Wote wakamshangilia.

"Samahani," akaongeza.