Maneno Makubwa ya Kamaludin

— Rudia hilo neno, alisema Khairiya, sinia la kahawa bado li mkononi.

Kamaludin alimtazama mkewe, kisha akamtazama mgeni wake Dishon, karani mwenzake wa bandari ya Kilindini. Walikuwa wakizungumza Kizungu tangu alasiri.

— Neno gani? Hayakuhusu haya. Weka sinia wende zako.

— Repudiate.

Dishon akaacha kutafuna.

— Kumkana mke, akaendelea Khairiya. Kumkataa kabisa. Ukurasa wa juzi, bwana. Wewe mwenyewe ulilikosea, nikakurudisha.

Niwaeleze, maana Kamaludin huyu ameniudhi na bado aniudhi. Vita vya Hitila vimekwisha, bandarini anatafutwa karani mkuu, na mtihani wake ni Kizungu kizito. Kijana wa Kibokoni aliyelelewa chuoni, kwa kuhifadhi Kurani, hakujua njia nyingine ya kuingiza elimu kichwani ila kuhifadhi. Akaichukua kamusi ya Kizungu akawa anaisoma kwa ghibu, neno na maana yake, kila baada ya magharibi. Mwenye kuhifadhi huhitaji mtu wa kumshikia kitabu, basi akamfunza mkewe herufi za Kizungu. Haikumpitia akilini kwamba anayeshika kitabu naye huhifadhi.

— Umesema mimi ni obsolete, alisema Khairiya. Kitu kilichopitwa na wakati, kisichotumika tena. Ukasema retain, kubakisha, na matrimony, ndoa: utanibakisha mpaka mtihani upite, ndipo umuoe mpwawe mkubwa wenu wa kazi.

— Yalikuwa mazungumzo tu, Khairiya.

— Nami nikikutilia kahawa.

Dishon akakohoa.

— Shemeji, kumbe Kizungu wakijua?

— Sikijui. Ungeniuliza hali yangu nisingeweza kukujibu. Lau angesema maneno madogo yangenipita. Lakini mwenzio yuwapenda makubwa, na makubwa yote nimemshikia mimi.

Dishon akachukua kofia yake, akateremka ngazi bila kuaga. Simlaumu.

— Nipe talaka yangu, alisema Khairiya.

— Mtihani ni Jumatatu.

— Talaka yangu, Kamaludin.

— Ningoje mpaka Jumatatu, nakuomba. Nani atanishikia kitabu?

Hapo ndipo moyo ulipomkatika Khairiya. Mpaka dakika ile alikuwa bado akingoja aombwe radhi, hata ya uongo, na angeipokea. Mwanamume huyu akaomba mshika kitabu.

— Mwoneni, alisema, japo hapakuwa na mtu wa kumwona. Nyumba hii ni ya mamangu. Siku ya harusi uliingia humu na kasha moja. Litafute.

— Wanifukuza mbele ya majirani?

— Wewe ulikuwa ukinifukuza mbele yangu mimi mwenyewe.

Kamaludin akasimama, akashusha sauti, ile sauti aliyokuwa akimposea.

— Wewe wanipenda, Khairiya. Nakujua.

— Nakupenda. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Niandikie talaka, kisha utoke.

Kamaludin aliandika kwa hasira. Alipoteremka na kasha lake alisita kizingitini, akingoja aitwe. Khairiya alitaka kumwita, wallahi alitaka, lakini hakumwita.