Mguu wa Kushoto wa Mama Mathias

"Eustadia, futa ile video ya mama yangu. Sasa hivi!"

Mathias, fundi wa reli kule Bukene, alisimama mlangoni pa ukumbi wa mazoezi mjini Tabora, buti zimejaa grisi. Mchumba wake, mwalimu wa mazoezi, alikuwa anarekodi video ya tatu tangu asubuhi.

"Video gani tena, jamani?"

"Ya mama akijifunza kutembea. Umeirusha bila kumuuliza. Hebu soma watu walichoandika!"

Akasoma. Mama Mathias, aliyepata kiharusi mwezi wa pili, alionekana akiyumba na fimbo yake. Chini watu wameandika: *"Bibi kapiga mtungi huyu!"* Maelfu wamecheka.

Eustadia akanyong'onyea. Hakukumbuka hata aliirusha lini. Miezi minane sasa, video tatu kila siku, kujibu watu asiowajua hadi chai inapoa. Mgongo unauma, usingizi umemkimbia.

"Nisamehe, Mathias. Nimechoka mpaka akili haifanyi kazi. Siku nisipoweka kitu naona kama nimekufa."

"Na mimi nimechoka kuchumbia simu. Kikao cha mahari hukutokea, nikakutetea. Leo nikakutetee vipi? Tupumzike kwanza."

Akaondoka. Eustadia alikuwa bado analia alipoifuta ile video. Hapohapo ujumbe ukaingia. Ni Julieth, wakala wa duka la nguo za michezo lililomdhamini:

*"Dada, mbona umefuta? Bibi alikuwa anavuma! Tupe nyingine kesho."*

*"Hakuna nyingine."*

*"Makubaliano ni video kila siku."*

*"Basi yavunjeni."*

Akazima simu, akamwachia rafiki yake Martha, akapanda basi la Bukene.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama Mathias alijibu akiutazama ukuta. "Umekuja kunirekodi tena?"

"Hapana, mama. Simu nimeiacha Tabora."

"Ndugu zangu wa Lusu wamenipigia kuniuliza nilikunywa nini. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa hapa kusoma, Eustadia. Wote wameniona."

Eustadia akapiga magoti.

"Nilikosa, mama. Nilikuwa nakushika mkono huku nawaza watazamaji. Sikuombi unisamehe leo. Naomba mguu wako wa kushoto tu, nusu saa."

Mama akasonya, akaunyoosha mguu.

"Wenyewe mzito kama gogo la mninga. Haya, chukua."

Tangu hapo kila Alhamisi mpaka Jumamosi alikuwa Bukene. Siku zilizobaki alifundisha ukumbini. Video akaweka mbili tu kwa wiki, ujumbe akajibu saa moja kwa siku, Jumapili hagusi simu. Wafuasi waliokimbia wakakimbia. Lakini kina mama wa mjini waliomsusa kwa kufundisha macho kwenye kamera wakarudi mmojammoja. Usingizi ukarudi pia. Wiki ya sita Julieth akapiga mwenyewe:

"Dada, wenye duka wamekubali. Mbili kwa wiki zinatosha."

Wiki ya tisa Mathias alitoka kazini mapema. Akasikia sauti nyuma ya nyumba.

"Kisigino kwanza, mama, halafu vidole. Usiniangalie mimi, angalia unapokwenda."

Akachungulia. Mama yake alikuwa anakatiza uwanja, mikono mitupu, fimbo imelazwa jikoni. Mwanaume mzima akafuta machozi kwa mkono wa grisi.

"Eustadia."

"Abee."

"Nilisema tupumzike. Mimi nimeshapumzika."

Eustadia akacheka, kisha akaficha uso viganjani.

"Unasubiri nini sasa?" Mama akamfokea mwanawe. "Itisha kikao, mahari iende kwao!"

Siku ya ndoa, kanisa la Bukene lilijaa mpaka nje. Mama Mathias alikataa mikono yote iliyonyooshwa kumsaidia. Akaanza kutembea kutoka mlangoni, polepole, kitenge kimemkaa, shingo juu. Hatua ya kumi akayumba. Watu wakashika pumzi. Akasimama, akajiweka sawa, akaendelea. Alipokalia benchi la mbele, vigelegele vilipasua bati, na Padri mwenyewe akapiga makofi.

Nje, maharusi wakisubiri kuingia, poda ilikuwa imemchuruzika Eustadia kwa machozi mpaka kidevuni. Mathias akamnong'oneza:

"Bibi harusi ni wewe au yeye?"

"Waache wamshangilie mpaka wachoke," Eustadia akasema, akimshika mkono. "Sisi tutaingia tu."

Na waliingia.