Siku Picha Ilipokatika Kweli

Jeanine alikuwa akipima samaki sokoni Kashikishi, kitenge cha manjano kimembana kiunoni, aliposikia mwanaume akijibu simu kwa Kiswahili cha Kongo, ng'ambo ya ziwa. Katika soko lile la Zambia, ambako wote waliongea Kibemba, aligeuka kama aliyeitwa jina.

"We ni mutu wa kwetu?"

"Wa Pweto kabisa. Michée, fundi wa televizyo na internet."

"Basi Mungu amekuleta! Yangu inakatikakatika. Pasteri anafungua kinywa, anabakia vile mpaka mahubiri inaisha."

Alasiri ile ile Michée alifika, akaikuta modemu nyuma ya friji, imefunikwa kitambaa.

"Mama, unaificha kama bibi-arusi!"

Aliiweka juu ya kabati, akavuta waya mpaka kwenye televisheni, na mhubiri wa Lubumbashi akasema bila kukwama. Jeanine akamletea bukari, ugali wa kwao, ya moto.

Wiki iliyofuata picha ikakatika tena. Na nyingine tena. Mara ya tatu Michée alichuchumaa, akaukuta waya umechomolewa.

"Nani anachomoa huu waya?"

Jeanine akaficha uso. "Panya."

"Panya ya mikono mizuri vile?"

"Sasa utakuya na sababu gani, sheri, mupenzi wangu, kama haiharibike?"

Ukawa mchezo wao. Akimkumbuka, Jeanine alipiga simu: "Sheri, picha imekatika," na Michée alikuja na mandazi, akicheka tangu mlangoni. Walishapanga waende Lubumbashi, Michée amwone baba yake Jeanine, aombe kumwoa.

Baba hakusubiri. Alifariki ghafla Alhamisi. Maziko yakawa Ijumaa asubuhi, na safari ya Lubumbashi haimalizwi kwa siku moja. Michée alikuwa kazini Kilwa, kisiwa cha humo humo ziwani, simu yake haipatikani. Kanisa la kule lingeonyesha ibada ya maziko moja kwa moja mtandaoni, kwa hiyo majirani walijaa chumbani, na Jeanine, mwenye nguo nyeusi, akakaa mbele kabisa. Jeneza liliingia. Mama yake alionekana nyuma, ameshikwa mikono. Hapo picha ikaganda.

Alipiga simu. Safari hii ikaita.

"Michée, picha imekatika."

Akacheka. "Hata leo, panya wangu? Rudisha waya. Niko juu ya paa, nakuya kesho."

"Michée, baba..."

Alikuwa ameshakata simu. Jeanine aliuchomoa waya, akaurudisha, akazima modemu, akaiwasha. Picha iliporudi, watu walikuwa wametoka makaburini.

Jumamosi Michée alifika na mandazi. Agnès, jirani, alimwambia yote mlangoni. Aliingia, akafungua kwenye simu yake orodha ya waliotumia modemu siku ile.

"Simu kumi na tisa zilikuwa juu yake," alisema polepole. "Kila mutu alifuata ibada kwa simu yake, internet ikalemewa. Ilikuwa kuwaambia bazime tu."

"Neno moja tu lingetosha?" Jeanine aliuliza.

"Jeanine, sikujua."

"Kutojua nakusamehe. Ulicheka, Michée."

Jumapili alimletea video nzima kutoka kanisani. Jeanine hakuiangalia.

"Nilitaka kuwa naye saa ile. Saa ile imeisha."

Jumanne alifunga mizigo aende kwa mama yake. Michée aliibeba hadi ufukweni, akaipanga botini, akabaki amesimama majini, suruali imelowa hadi magotini.

"Nikikuya kuomba, mama atanipokea?"

"Mama atakupokea. Ni miye sijui. Kila nikisikia sauti yako, nasikia kile kicheko."

Injini ikanguruma. Michée alipunga mkono. Jeanine hakupunga. Aliibana mikono yake katikati ya magoti, kwani alijua ikinyanyuka tu, atamwambia mwenye boti arudi.